Robo Saa ya Jioni kwa Ajili ya Mwili Wako

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika na vikundi vya akina mama, wilayani Newala, mkoani Mtwara, msimu wa kupulizia mikorosho unga wa salfa unapoanza.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, viongozi wa chama cha msingi, mama zangu wa vikoba, wajomba, shangazi, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na wazee wangu wote shikamooni.

Nimeombwa nizungumze juu ya njia nafuu za kujitunza kila siku. Nilipopokea mwaliko nilimfikiria mama wa hapa kwenye uwanda wetu wa Makonde. Anaamka kabla ya adhana, anawasha moto, anahangaika na maji, anakwenda shamba, anarudi anapika, anagawa chakula, yeye anakula kilichobaki, kisha analala wa mwisho. Mtu huyo ukimwambia ajitunze, atakuuliza kwa muda gani na kwa pesa ipi. Swali lake ni la haki na nimekuja kulijibu. Jibu langu ni robo saa ya jioni, maji yasiyofika nusu ndoo, na kipande cha sabuni ya mche kinachouzwa kwa bei ya maandazi machache. Mengine nitakayosema yanaanzia hapo.

Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya mjini, ya watu wenye vipodozi na nafasi. Sikubaliani nao hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo ya kujitunza mwaka 2019 na kuipitia upya mwaka 2022. Linaeleza kwamba kujitunza ni uwezo wa mtu, familia na jamii kulinda afya, kuzuia maradhi na kuishi na ugonjwa au ulemavu, mhudumu wa afya awepo au asiwepo. Yasikilizeni vizuri hayo maneno ya mwisho. Yanamhusu nani kuliko mtu ambaye mvua ikinyesha barabara ya kwenda zahanati inakatika? Yanatuhusu sisi kabla ya kumhusu mtu wa mjini. Na kila mwaka, kuanzia tarehe 24 Juni hadi 24 Julai, shirika hilo hulitengea jambo hili mwezi mzima. Huku kwetu mwezi huo unaangukia katikati ya salfa, kwa hiyo nianze na salfa.

Kila aliye hapa anajua kwa nini tunapulizia. Ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, ukishika maua, korosho hakuna, na korosho ikikosekana ada ya shule hakuna. Tunatoka alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, ili unga ushike vizuri. Vijana wanaobeba mashine mgongoni wanarudi wamekuwa wa njano kuanzia nyusi mpaka kucha za miguu. Kisha nimeona jambo hili mara nyingi, na linaniuma kila ninapoliona: kijana anashusha mashine, anaifuta taratibu, anaifunika turubai isipate vumbi, halafu anakaa chini ya mkorosho na kupokea kipande cha muhogo kwa mikono ile ile. Macho yamemwiva, anayafikicha kwa kiganja chenye salfa. Mashine imeshatunzwa. Mwenye mashine bado.

Salfa ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo, inawasha na kuchoma. Mwenye pumu inamfunga kifua. Wengi wenu mmezoea, mnasema ni kawaida ya msimu, wiki chache inapita. Mimi nawaambia mengi ya maumivu hayo yanazuilika bila gharama kubwa. Shati la mikono mirefu, suruali, kofia, miwani hata ile ya plastiki. Barakoa kama ipo, na kama haipo basi kitambaa kizito kilichokunjwa, kifunike pua na mdomo pamoja. Kitambaa hakizuii vumbi lote, lakini ni afadhali kuliko uso mtupu. La muhimu zaidi halina bei kabisa: upepo uwe mgongoni mwako. Upepo ukigeuka, geuka nawe. Mkiwa wawili, msipulizie mkielekeana.

Jicho likiingiwa, usilifikiche. Inamisha kichwa upande wa jicho hilo, mwenzako amimine maji safi kopo kwa kopo, jicho likiwa wazi, na aendelee kwa robo saa nzima. Tunapenda kumimina kopo moja na kusema basi limetoka. Halijatoka. Na tafadhalini sana, msiweke humo maziwa ya mama, asali wala maji ya majani yoyote. Baada ya kusafisha, ukiona ukungu au maumivu yanaendelea, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Nguo za salfa zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto. Na mfuko uliobeba salfa usigeuzwe kuwa mfuko wa unga, wala usitandikwe kitandani hata kama umefuliwa mara mia. Nimeingia nyumba nyingi nikaona mifuko hiyo jikoni. Mama zangu, uchungu wa kutupa mfuko mzima naufahamu, lakini huo utupeni. Kadhalika madumu na chupa za dawa za maji: zitobolewe, zisiwekwe maji wala mafuta ya taa.

Wanaobangua korosho nyumbani nao nina neno nao. Mafuta ya ganda yanaunguza, mnajua, ndiyo maana vidole vya mbanguaji vinakuwa vyeusi na ngozi inambanduka. Kabla hujagusa ganda, paka mikono mafuta ya kula, yawe kinga kati ya ngozi yako na yale ya ganda. Glavu zikipatikana, vaa. Ukimaliza, sabuni kwanza, ndipo umshike mtoto au uguse uso wako. Kwenye kukaanga, kaa upande ambao moshi hauendi. Moshi ule si sawa na moshi wa kuni za kawaida, unawasha ngozi na kifua.

Sasa najua mnachokisubiri. Wakati tunakunywa chai mama mmoja ameniambia, "Nesi, unasema tuoge, tunawe, tuoshe, hayo maji yenyewe yako wapi?" Kweli kabisa. Sisi tunaishi juu ya uwanda ambao maji yake yako chini bondeni. Wazazi wetu walishuka na kupanda nayo kichwani, na hata leo bomba linapokauka ndoo tunainunua. Ndiyo maana nimepima. Kunawa mikono kwa kibuyu chirizi kunakula maji kidogo mno, kopo la chai halimaliziki. Miguu yote miwili ukiiosha kwa jagi juu ya beseni, lita mbili zinatosha, na maji hayo ya sabuni yanaweza kumwagiwa mgomba. Kibuyu chirizi chenyewe ni dumu la lita tatu au tano, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni kilichotobolewa na kuning'inizwa. Mtoto wa darasa la nne anatengeneza. Kiwekeni penye njia ya kutoka chooni, si nyuma ya nyumba ambako hakuna apitaye.

Kwa kuwa tunahifadhi maji kwenye visima vya mvua na mapipa, niseme na hili. Mwaka 1952 homa ya chikungunya ilizuka hapa hapa uwandani na ndipo ilipotambuliwa kitabibu kwa mara ya kwanza duniani. Wataalamu Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955. Wazee wetu waliopitia wanakumbuka viungo vinavyouma mpaka mtu hawezi kusimama wima. Mbu anayeieneza huuma mchana, na huzaliana kwenye maji tuliyoyaweka wenyewe karibu na nyumba: mtungi usiofunikwa, pipa, tairi kuukuu, kifuu cha nazi kilichotupwa uani. Kufunika kisima na pipa ni dakika mbili. Na kwa malaria, chandarua chenye tundu kikishonwa kwa sindano na uzi kinarudi kazini.

Sasa nije kwenye robo saa yenyewe.

Jioni, ukishamaliza kupika au ukisharudi barazani, kabla hujalala, kaa peke yako kwenye kigoda na taa au tochi ya simu. Osha uso, mikono, kwapa na miguu. Kisha utazame mwili wako. Wengi wetu tunaujua mwili wa mtoto wetu kila kovu, wa kwetu hatuujui. Tazama nyayo, tumia kioo kidogo kama kuinama kunakushinda. Tazama kati ya vidole. Gusa palipochubuka. Kina mama, mara moja kwa mwezi mguse na matiti yenu taratibu kwa ncha za vidole, kote mpaka kwapani, na mkikuta kivimbe ambacho hakikuwepo, twendeni hospitali mapema bila kusubiri kianze kuuma. Mwenye kisukari hili la nyayo lisimpite hata siku moja, kwa sababu ganzi ya kisukari inaweza kumficha mwiba kwa wiki nzima.

Naweka mkazo kwenye miguu kwa sababu ya ugonjwa ambao sisi watu wa pwani ya kusini tunaujua kuliko wengi nchini, na tunauonea haya. Nazungumzia matende.

Miaka ya mwisho ya kazi yangu nilimtembelea mama mmoja, simtaji jina wala kijiji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia gotini kwenda chini, ngozi imekuwa ngumu yenye mikunjo, na ndani ya mikunjo kuna unyevu na harufu. Alikuwa ameacha kwenda kwenye kikoba, hisa zake alikuwa akizituma kwa mkono wa binti yake. Kila baada ya muda mguu ulikuwa unawaka, homa inapanda, anatetemeka, siku tatu nne hatoki kitandani. Nyumbani walishasema amekanyaga kitu alichotegewa, na pesa ya mganga ilikuwa imetoka zaidi ya mara moja.

Tulikaa uani. Nilimwomba beseni, jagi la maji yasiyo ya moto, sabuni ya mche, na kipande cha kanga iliyochakaa lakini imefuliwa. Nikaanza juu, gotini, nikashuka. Sabuni niliipaka kwa kiganja, sikutumia dodoki wala brashi, maana brashi inachana ngozi na kufungua milango mipya. Kila mkunjo niliufungua kwa vidole na kuupitisha kitambaa ndani. Nilipofika kwenye vidole, kati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake, kulikuwa na ufa mweupe uliolowa, mdogo hauzidi ukucha wa mtoto. Nikamshikia kioo auone, kwa sababu mwenyewe hakuweza kuinama. Nikamwambia, homa zako zinaingilia hapa.

Tukasuuza mpaka maji ya mwisho kwenye beseni yakawa masafi. Tukakausha kwa kukandamiza, si kwa kusugua. Ncha ya kitambaa nikaisokota na kuipitisha kati ya kidole na kidole, kwa sababu unyevu ukibaki pale fangasi wanapata makazi. Kwenye ufa tukapaka dawa ya fangasi aliyopewa zahanati. Kisha akakaa mguu ukiwa juu ya kigoda chenye mto, akawa anazungusha kifundo na kukunja na kukunjua vidole. Kitanda tukakiinua upande wa miguuni kwa tofali moja kila pembe. Hili la kuinua miguu usiku, mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Ndala zake zilizombana zikabadilishwa kwa katambuga pana alizochongewa kwa kipimo chake.

Alifanya hivyo asubuhi na jioni. Binti yake alinisaidia kumsimamia mwanzoni, baadaye akawa hahitaji kusimamiwa. Mguu haukurudi kuwa kama wa ujanani, na sikumdanganya kwamba ungerudi. Lakini harufu iliondoka ndani ya wiki chache, homa zikawa za nadra, na msimu uliofuata nilimkuta kwenye kikoba amekaa mstari wa mbele na kitabu chake cha hisa mkononi.

Kwa nini sabuni inafanya kazi hiyo? Matende huletwa na vijinyoo vinavyoenezwa na mbu. Vinakaa kwenye mishipa inayorudisha maji ya mwili na kuiharibu, maji yanabaki mguuni. Mguu uliojaa maji hauna ulinzi, na bakteria wa kawaida kabisa, wale waliopo kwenye ngozi ya kila mtu, wakipenya kwenye mchubuko wanaleta shambulio la homa. Kila shambulio linaongeza uvimbe. Katika miaka ya 1990 Gerusa Dreyer na wenzake wa mjini Recife, Brazili, walisisitiza kwamba kinachozidisha mguu uliokwisha kuvimba ni bakteria hao zaidi ya minyoo yenyewe, na kwamba mgonjwa mwenyewe, kwa sabuni na maji, anaweza kuwazuia. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa ninaousema mimi upo kati ya kidole cha mwisho na cha jirani yake.

Shambulio likija, usichanje, usichue, usikande kwa maji ya moto. Pumzika, inua mguu, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji ya kutosha na nenda zahanati upate dawa. Na vidonge vya kingatiba wanavyogawa wahudumu vinapofika, mezeni. Mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huu ulianza mwaka 2000, na umebebwa na watu waliokubali kumeza vidonge wakiwa hawaumwi.

Kwa wajomba na kaka zangu: busha ni ndugu wa ugonjwa huo huo. Wanaume wamekaa nalo miaka, wameacha kuogelea, wameacha kupanda minazi, wengine wameacha kuoa. Halitokani na zinaa wala kurogwa. Linapasuliwa hospitali, na ni upasuaji wa kawaida. Ukiwa nalo, mwambie mkeo au mjomba wako, mfuatane hospitali. Nimeona wanaume waliolia kwa furaha wodini baada ya operesheni, na hakuna aliyewacheka.

Nisimame kidogo kwenye chakula, maana najua ni msimu wa mbaazi unaokuja. Ombi langu ni moja na ninaliomba kwa msisitizo: msiuze mbaazi zote. Bei ikiwa nzuri mnadani tunafagia mpaka za mbegu, halafu Januari tunakula ugali wa muhogo na chumvi. Debe moja au mawili yabaki ndani kwa ajili ya watoto, wajawazito na wewe mwenyewe mama. Kisamvu, majani ya kunde na mlonge tunavyo bila kununua. Mlonge ukiupanda kando ya nyumba unachuma mwaka mzima. Ming'oko, vile viazi vya porini, mnaichimba wenyewe. Mabibo tunayoacha yaoze chini ya mikorosho wakati wa kuokota yana vitamini C nyingi kuliko machungwa tunayonunua sokoni. Mtoto apewe kibibo kilichooshwa, nawe ule. Na mama anayegawa chakula ajitilie kwenye sahani yake mwenyewe kabla sufuria halijaisha. Mama zangu, hilo si ulafi. Anayelima, anayebeba mimba na anayenyonyesha ni huyo huyo.

Chumvi ipunguzeni. Kiasi kisichozidi kwa mtu mzima ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo imo ile ya kwenye mchuzi, mkate na samaki. Sisi wa ukanda huu tunapenda ng'onda na papa wa chumvi. Mloweke kwenye maji, mwaga, loweka tena, ndipo umpike, na chumvi nyingine usitie. Kibakuli cha chumvi kiondoke mezani.

Hapo ndipo presha inapoingia. Watu wananiambia, "Mimi presha sina, sisikii chochote." Presha haisikiki. Wengi wanaijua siku mdomo unapopinda na mkono unapokufa ganzi. Ikipimwa ikarudia kusoma 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha, hata kama umelima ekari nzima asubuhi hiyo. Na dawa ukianza hauachi kwa sababu umejisikia vizuri. Umejisikia vizuri kwa kuwa unameza. Mazoezi sitayasemea sana kwa mkulima wa jembe. Nayasema kwa dereva wa bodaboda anayekaa kijiweni kutwa, na kwa walimu na watendaji wetu: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, angalau. Gawa utakavyo.

Limebaki la moyo, na kwa kweli nalipa uzito sawa na mguu.

Mkulima wa korosho anakaa miezi na deni la pembejeo, anasubiri mnada, anasubiri malipo, bei haijui, shule zinafunguliwa. Usingizi unamkimbia. Mwanaume wa huku kafundishwa kunyamaza, na kunyamaza huko nimekukuta kumeishia kwenye gongo ya mabibo, kwenye kumpiga mke, na mara nyingine kwenye mti wa mkorosho wenyewe. Nasema wazi kwa sababu mmewazika nanyi. Robo saa ya jioni isiwe ya sabuni peke yake. Mara mojamoja iwe ya kukaa na mtu mmoja unayemwamini, ukamwambia hali yako jinsi ilivyo. Baraza la kahawa tunalo, vikoba tunavyo, misikiti na makanisa tunayo, watani tunao. Anayeambiwa naye asikimbilie kutoa ushauri. Asikilize kwanza, amalize mwenzake. Mtu akipoteza usingizi, hamu ya kula na hamu ya watu kwa wiki mbili mfululizo, huo ni ugonjwa kama malaria na unatibika, afike kituo cha afya. Akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na salfa na dawa za shamba zifungiwe mbali.

Kulala nako ni kujitunza. Mtu mzima anahitaji muda wa saa saba hivi. Simu ilale sebuleni.

Msinielewe kwamba nawaambia msiende hospitali. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, nenda ukapimwe kifua kikuu, vipimo na dawa vyake ni bure. Kidonda kisichopona baada ya wiki mbili, nenda. Homa, usianze na dawa ya dukani, pima malaria kwanza. Maumivu ya kifua, kupinda mdomo, mjamzito anayetokwa damu au kuumwa kichwa kikali na kuona marue-rue, hapo hakuna cha kusubiri kesho, tafuteni usafiri usiku huo huo. Vidonge vya jirani vilivyobaki si vyako. Mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvichumvi ya pakiti pamoja na vidonge vya zinki kutoka zahanati. Pakiti ikikosekana, changanya lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote visawazishwe, umpe kidogo kidogo huku mnaelekea kituoni.

Kwa viongozi wa chama cha msingi nina maombi mawili, nayasema mbele ya wanachama ili yaandikwe kwenye muhtasari. La kwanza, mnapoagiza salfa, agizeni pamoja barakoa na miwani, wakulima wakatwe gharama yake kwenye korosho kama wanavyokatwa pembejeo nyingine. La pili, penye ghala, ambapo watu hukusanyika siku nzima kusubiri mizani, pawekwe vibuyu chirizi viwili na mtu wa kuvijaza maji.

Nje, kwenye ule mkorosho mkubwa, wauguzi wa zahanati wameshapanga meza ya kupimia presha. Akina baba waanze, kwa sababu najua akina mama mtasubiri na akina baba wataondoka. Wenye matende, au wanaomuuguza mwenye matende nyumbani, wabaki nami humu ndani. Mabeseni manne yapo, sabuni ipo, maji tumeletewa na mwenyekiti. Tutafunga mlango, tutaosha mguu mmoja pamoja hatua kwa hatua, kisha kila mmoja aoshe wa kwake nikiwa namwangalia.